Sarafu Nne Chini ya Migomba

Kwanza niseme upumbavu wenyewe, tusizungushane: nilimfukua mama yangu.

Nilimfukua mchana kweupe, nyuma ya nyumba yetu ya Buyenzi, na yeye mwenyewe yuko jikoni anachagua maharage, mzima wa afya, anamsema jirani. Nilimfukua na mjomba. Na mama mkubwa. Na mtoto mmoja ambaye sikuwahi kumwona, aliyekufa kabla mimi sijafikiriwa. Wote wanne nikawatumbukiza katika kopo moja la maji ya betri, nikakaa kuwaangalia wakitoa povu.

Walikuwa sarafu. Sarafu za zamani zenye tundu katikati. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na desturi aliyoipata kwa mama yake: kitovu cha mtoto kikidondoka, anakifunga kwa uzi kwenye sarafu ya tundu, anakizika uani, ili mtoto akienda mbali ardhi ya nyumbani ibaki na kitu cha kumshikia. Watoto wanne, sarafu nne, chini ya migomba minne kando ya ukuta. Ila mimi haya yote niliambiwa nikiwa nimeshachelewa. Siku ile bibi alikuwa hospitalini Kamenge, wanamtoa ukungu kwenye macho, na Alhamisi alikuwa arudi nyumbani, anaona.

Mashine iliyonionyesha zilipo, ile ya kusikiliza chuma ardhini, ni ya mjomba. Mjomba anatafuta dhahabu ng'ambo, huko Congo milimani, na kila akirudi anakuwa na hadithi nyingi na dhahabu hana. Safari ya mwisho alirudi hata hadithi hana. Akaisukuma mashine chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye kitenge kama maiti ya mtu mwembamba, akasema, "We, usiiguse. Hata hivyo imekufa." Mtu mzima hawezi kumwambia kijana wa umri wangu maneno kama hayo halafu akaenda zake kwa amani. Mimi niliyahesabu kuwa ruhusa.

Ina mti mrefu kama wa ufagio, na mwisho wake sahani ya duara kubwa kama mfuniko wa sufuria ya harusi. Ukishaweka betri mpya na kuvaa vile vya masikioni, dunia yote inanyamaza. Nyundo za mafundi wa magari zinanyamaza, adhana ya mbali inanyamaza, hata mama yangu ananyamaza, na hilo si jambo dogo. Inabaki sauti moja nyembamba, kama mbu anayejaribu kukumbuka wimbo. Unapitisha sahani juu ya ardhi taratibu, kushoto, kulia, kama unambembeleza mtoto. Mbu anaimba tu. Halafu, mahali ambapo macho hayaoni chochote, anapandisha sauti, na wewe unajua chini ya mguu wako kuna kitu kimelala.

Jumapili niliibeba kwenda Ruziba, kando ya ziwa, pamoja na rafiki yangu wa darasani, ambaye baba yake ni fundi wa magari. Ziwa lilikuwa limepanda sana, sasa limeanza kurudi nyuma, limeacha mchanga laini na vipande vya kuta za nyumba vimesimama peke yake majini, madirisha bila nyumba. Jua lilikuwa jeupe. Milima ya Congo ilikuwa imeyeyuka, hujui wapi maji yanaisha na wapi mbingu inaanza. Nilitembea na yule mbu sikioni mpaka nikasahau nina miguu. Nilisikia kama ardhi inaota ndoto, na mimi nasikiliza mlangoni.

Tulipata vizibo vya chupa. Vizibo, misumari, vizibo, na kijiko.

"Sha, hapa tumepata restora muzima," rafiki yangu akasema. "Imebaki wateja."

Lakini mimi nilikuwa nimeshalewa ile sauti. Nilirudi nayo nyumbani kichwani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Ilikuwa likizo. Mama alikuwa amekesha hospitalini kwa bibi, amerudi asubuhi amechoka, yuko jikoni na maharage yake, na uani hapakuwa na mtu. Joto lilikuwa la aina ile ambayo kuku wanalala wamefungua midomo. Nikaona: mbona nihangaike mpaka Ruziba, na ardhi ninayo hapa bure?

Nilianzia karibu na choo, nikafuata ukuta. Kwenye mgomba wa kwanza mbu akapiga kelele mpaka nikaruka.

Nilichimba kwa kijiko cha kupakulia wali. Udongo pale ulikuwa mweusi na baridi, mchana wote ule wa moto haukuwa umefika humo. Kiasi cha urefu wa mkono, kikatoka kitu cha duara, cheusi kwa kijani, kimevimba magamba, na katikati tundu limezibwa na udongo. Kwenye mgomba wa pili nikapata kingine. Wa tatu, kingine. Wa nne, ule wa mwisho kabisa pembeni, kingine. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini hazina inakaa kwa mpangilio namna hiyo, moja kila mgomba. Mimi nilijiambia kwamba mfalme mwenyewe alikuwa mtu wa mpangilio.

Maana nilikuwa nimeshapata mfalme. Alikuja mwenyewe, nikiwa nimechuchumaa na kijiko mkononi. Alikuwa mnene, amechoka na safari, anapita hapa kabla ya Buyenzi kuwa Buyenzi, na mfuko wake una tundu. Kila anapopumzika chini ya mgomba, sarafu moja inadondoka, na yeye anajikuna tu na kuendelea. Nyuma yake wapiga ngoma wanaziona, wanatazamana, hakuna anayethubutu kumwambia mfalme kwamba suruali yake imetoboka. Nilimpenda sana yule mfalme. Nilimwonea huruma alivyofika kwake akaingiza mkono mfukoni.

Kusafisha ndiko kulikonimaliza. Nilianza kwa ndimu na majivu, nasugua kwa mswaki wa dada yangu, ambao baadaye niliurudisha mahali pake na naomba mambo hayo yaishie hapa. Magamba hayakutingishika. Nikamwita rafiki yangu. Akazitazama kama daktari.

"Hii kitu haitaki ndimu. Hii inataka maji ya betri."

"Itaumia?"

"Iko chuma, we. Chuma inaumia wapi?"

Akaenda gereji kwa baba yake, akarudi na kopo la plastiki limejaa nusu, amelishika mbali na mwili kama amebeba nyoka. Tukalimimina kwenye kopo la maziwa ya unga, tukadondosha sarafu zote nne pamoja. Tone moja liliruka kwenye kaptula yangu ya shule likatengeneza tundu pale pale, dogo, safi. Hata hilo sikulijali.

Sijui tulikaa muda gani. Povu jembamba lilikuwa linapanda kutoka kwenye sarafu, vijipovu kama mbegu za pilipili, vinapanda kwa mstari, vinapasuka juu bila sauti. Maji yakaanza kuwa ya kijani, halafu ya buluu, buluu ambayo sijaiona popote isipokuwa ziwani, asubuhi moja moja. Magamba yakawa yanaachia vipande na kuzama polepole. Na chini ya magamba, taratibu, kama mtu anayekuja kutoka mbali kwenye vumbi, ikatokea nyota. Nyota kubwa imezunguka lile tundu, ncha zake zimefika mpaka ukingoni. Nne. Nyota nne chini ya maji ya buluu, ndani ya kopo la maziwa, Buyenzi, mchana.

Rafiki yangu hakutania. Hilo peke yake lingetosha kunitisha.

Tulizitoa kwa uma, tukazisuuza, tukazifuta. Zilikuwa zinang'aa kwa wekundu fulani hivi wa ngozi iliyochunwa, na kama mapacha wanne, huwezi kusema huyu ni yupi. Maji ya betri tukayamwaga mtaroni, na rafiki yangu akaenda zake na kopo la baba yake. Mimi nikabaki nazo kiganjani. Ndipo mama akatoka na beseni la nguo za kuanika.

Akayaona mashimo. Akayafuata kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka pembeni.

"Haya mashimo iko ya nani?"

"Ya panya."

"Panya anachimba na kijiko yangu ya wali?"

Kijiko kilikuwa kimesimama katika shimo la mwisho, wima, kama bendera.

"Ulitoa nini humo?"

Nikafungua mkono. Nilitegemea kofi, au hotuba, au vyote kwa pamoja, maana mama yangu hata usingizini anabishana. Akaliweka beseni chini. Akakaa juu ya ndoo. Akazichukua zile sarafu, akaziweka kwenye mapaja, akazitazama muda mrefu, na mimi nikasikia tena zile nyundo zote za mafundi, moja moja, mpaka za mtaa wa nyuma.

Aliponieleza, alinieleza kwa sauti ya chini, kama anamweleza mtu mwingine. Wa kwanza, karibu na choo, ni mjomba. Wa pili mama mkubwa, yule anayeuza vitenge Uvira. Wa tatu ni yeye.

"Na huyu wa mwisho iko mudogo wangu. Alikufa kwa njia, tunakimbilia Congo, wakati wa vita. Homa tu. Tulimuzika na haraka, pembeni ya barabara, giza, watu wanatusukuma tuendelee. Kesho yake hata mahali hatukupajua tena. Bibi yako hana kaburi ya kwenda kuona. Iko na hiyo sarafu. Basi."

Nikakumbuka bibi, kila Ijumaa baada ya sala, anavyopapasa ukuta kwa mkono mmoja, kikombe cha maji mkono wa pili, mpaka mgomba wa mwisho, anamimina, anasimama kidogo, anarudi. Nilikuwa nadhani anamwagilia migomba. Niliwahi hata kumtania: bibi, mbona hawa watatu unawaacha wafe na kiu? Alicheka.

"Ipi ni yake?" nikauliza.

Mama akazigeuza. Nyota, nyota, nyota, nyota.

"Zilikuwaga tofauti," akasema. "Moja ilikuwaga na alama, sijui gani. Bibi ndiye anajua. Mi sijui." Akanirudishia. "Alhamisi utamwambia, na mudomo yako. Mi sitakusaidia hata na neno moja. Na sheikhe asisikie mambo ya vitovu, atatuletea somo hapa mpaka Ramadhani."

Nilimpigia mjomba, nikitafuta mtu wa upande wangu. Alisikiliza hadithi nzima.

"Ngoja," akasema mwishowe. "Kumbe hiyo mashine haijakufa?"

"Haijakufa, mjomba. Imekupata wewe, karibu na choo."

"Ilinipata kwa urefu gani?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imejaa matumaini. Nilikata simu.

Siku zilizofuata nilijifunza kazi ambayo sidhani kama kuna shule inaifundisha: kuchafua. Kama nilikuwa nimezisafisha mpaka zikafanana, basi labda nikizichafua, ile alama itarudi. Usiniulize akili hiyo ilitoka wapi. Nilizipaka utomvu wa mgomba, ule unaoharibu mashati, zikawa za kahawia kwa muda wa chai. Nilizizika kwenye mavi ya kuku. Nilizichemsha na majani ya chai. Nilizilaza kwenye chumvi usiku, asubuhi zikawa na ukungu wa kijani mwembamba, nikafurahi kama niliyezaa, nikazigeuza kwenye jua: nyota, nyota, nyota, nyota. Kijani changu kilikuwa cha jana. Chao kilikuwa kimechukua umri wa mama yangu kukua, nami nilikimwaga mtaroni pamoja na maji ya betri.

Usiku nilikuwa namwota yule mtoto. Katika ndoto nilikuwa na mashine, natembea pembeni ya barabara ndefu, gizani, na mbu anaimba sauti ile ile moja, hapandi, hashuki. Ardhi yote ilikuwa tupu. Nikawa namwambia nisubiri, naja, na barabara inazidi.

Alhamisi bibi alishuka kwenye teksi na miwani myeusi mikubwa, kama mwanamuziki. Mama alitaka kumshika mkono, akaukataa. Akasimama mlangoni anatazama.

"Huu ukuta, nani aliupaka hii rangi mubaya?"

"Wewe mama," mama akasema. "Uliichagua mwenyewe."

"Nilikuwa kipofu." Akanigeukia. Akasogeza uso karibu mpaka nikajiona mara mbili kwenye miwani. "Na huyu ndo mujukuu wangu? Yoo. Nilikuwa nakupenda zaidi na ukungu."

Nilicheka. Lakini bibi hakukaa. Aliomba kikombe cha maji, na haikuwa hata Ijumaa. Alitaka kwenda kupaona. Miaka yote ile alikuwa anapajua kwa mkono na kwa mguu, sasa alitaka kwa macho. Alitembea katikati ya uani bila kugusa ukuta, polepole, kama mtu anayevuka maji. Mama akabaki kwenye mlango wa jikoni na mwiko wake, akanitazama, akanyamaza alivyoahidi.

Nilikuwa nimeyafukia mashimo, lakini udongo mpya ni udongo mpya.

"Nani amepanda kitu hapa?" bibi akauliza.

"Mimi, bibi. Sikupanda. Nilivuna."

Hata katika hatari yangu mdomo wangu hauna adabu. Nikamletea zile sarafu kwenye sahani ya kikombe. Nikamwambia yote: mashine, mfalme, maji ya betri, chumvi, mavi ya kuku. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliinua miwani juu ya paji la uso, kitu ambacho daktari alikuwa amemkataza, akachukua moja, akaisogeza, akaipeleka mbali.

"Kumbe ilikuwaga na nyota," akasema.

"Ipi ni yake, bibi?"

Akachukua ya pili. Ya tatu. Akapitisha kidole kwenye matundu. Upepo mdogo ulikuwa unatikisa majani ya migomba, na kivuli chake kinakuja usoni pa bibi na kuondoka, kinakuja na kuondoka, na macho yake mapya yanalia maji, sijui ya jua, sijui ya nini. Nilikuwa namwomba Mungu kimya kimya: moja tu, mwonyeshe moja tu, hizo nyingine hata zipotee.

"Sijui," akasema bibi.

"Mama alisema kuna moja yenye alama..."

"Zote zilikuwaga na alama za uzee. Nilikuwa nazitoa mu shanga za mama yangu. Umetoka kuzaa, damu bado, mutoto analia, nani anaangalia sarafu? Mi nilikuwa najua mahali tu." Akaelekeza kidevu kwenye mgomba wa mwisho. "Nilikuwa najua ni hapa."

Na hapa palikuwa shimo langu.

Kama kuna siku nilitaka kumeza ulimi wangu ni ile, na ndiyo siku niliyosema, "Tupige kura?"

Nilimsikia mama akivuta pumzi kule jikoni. Bibi alinitazama sana. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemuua, kumbe anacheka, anacheka na maji yanamtiririka, anazitikisa sarafu kwenye sahani mpaka zinalia.

"Leta jembe," akasema. "Chimba kwa huyu wa mwisho. Shimo moja, refu."

"Nizitie zote?"

"Zote. Huyu alikuwaga anaogopa kulala peke yake. Kila usiku anajisukuma mu mukeka ya wakubwa wake, wanamupiga teke, mi namutoa, namwambia rudi kwako, we ni mukubwa sasa." Akashusha miwani. "Sasa simutoi tena."

Mama alikuwa amesogea bila sisi kujua. Amesimama nyuma yetu, mwiko mkononi.

"Na mimi?" akauliza. Sijawahi kumsikia mama na sauti ile, ya mtoto aliyechelewa kugawiwa. "Yangu haibaki kwa mahali yake?"

Bibi akamgeukia, akamtazama kutoka kilemba mpaka kandambili, hana haraka.

"We uko hapa," akamwambia. "Nakuona."

Nikachimba. Udongo ulikuwa mlaini, niliuvuruga mwenyewe juzi tu. Nilichimba kupita pale nilipoishia mara ya kwanza, mpaka kwenye ule udongo wa baridi. Bibi akasema bismillahi, akazidondosha zote nne pamoja, na niliposikia zinavyogongana huko chini, kasauti kadogo, nikajisahau, nikauliza:

"Na yangu mimi iko wapi, bibi?"

"Kitovu yako?" Hakufikiri hata kidogo. "Ilikulwa na kuku. Ndiyo maana hautulii."

Nilifukia. Bibi akamimina kikombe chake, udongo ukanywa, ukabadilika rangi. Akasimama kidogo kama kawaida yake. Halafu akaondoka kuelekea ndani, anagusa kila kitu anachokiona, kamba ya nguo, jani, ukuta mbaya, kama anasalimia. Mimi nikabaki na jembe. Mama naye akabaki, anatazama pale palipolowa. Nikasubiri. Alikuwa na siku nne za maneno ndani yake, na mimi nilikuwa nimejiandaa kuyapokea yote.

Akaikunja kanga yake vizuri kiunoni, akasema:

"Enda unawe, chakula inapoa. Na unawe na sabuni, siyo maji tu. Umeshika vitovu ya watu."